Tunauziana wenyewe kwa wenyewe, halafu tunalia jiji halina hela

Najua wengi humu mnapenda posti fupi, piga picha hivi, jibu DM hivi, weka bei hivi. Leo yangu ni ndefu na kuna watu nitawaudhi. Soma taratibu, maandishi hayali bando kama video.

Wiki mbili zilizopita mdau mmoja aliuliza humu mbona biashara imekuwa ngumu. Komenti zikafurika. Kila mtu akaja na mchawi wake. Wengine wakasema kodi, wengine wageni, wengine Instagram inaficha posti zetu mpaka ulipie tangazo, mmoja akasema Kariakoo fremu zimekuwa nyingi kuliko wateja. Nilizisoma zote mpaka saa saba usiku. Nyingi zina ukweli wake. Ila hakuna aliyeuliza hili: hiyo hela tunayogombania, inaingiaje Dar es Salaam?

Nijitambulishe kidogo kwa wageni wa page. Mimi ni dada wa miaka 26, nimeishia kidato cha nne na matokeo yangu siyo ya kutangaza. Nauza viatu. Nilianza kwa kutandika turubai Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Oktoba 2021 wamachinga tulipoondolewa barabarani ndio nikahamia kwenye simu, nikawa napiga picha viatu nyumbani na kuposti. Sasa nina nusu fremu, yaani fremu moja tunachangia wawili, ghorofa ya pili. Mambo haya hakuna aliyenifundisha darasani. Nimejifunza kwa kupigwa.

Nianze na daftari langu, maana hapo ndo niliposhtuka.

Nauza viatu vya aina mbili. Kuna raba na sendo za China ambazo nachukua kwa mtu wa kontena, na kuna kobazi za ngozi zenye shanga ambazo mafundi wangu wawili wanashona Vingunguti. Raba nachukua 11,000 natoa 13,500 kwa jumla. Kobazi natoa 15,000 kwa jumla. Ukiangalia haraka utasema tofauti ni ndogo. Sasa fuata hela inakokwenda.

Kwenye raba, mimi nabaki na 2,500. Mtu wa kontena anabaki na chake, ushuru unachukua chake, mbeba mzigo anapata chake, na sehemu kubwa ya hiyo 11,000 inarudi China kuchukua mzigo mwingine. Kwenye kobazi, ngozi ni 4,000, naipata kwa mtu anayeileta kutoka mikoani. Soli na gundi 2,500. Shanga na uzi 1,000. Fundi 3,500. Mfuko na bodaboda 500. Mimi nabaki na 3,500. Siwadanganyi kwamba kila kitu ni cha hapa, soli, gundi na shanga zimetoka nje. Lakini kwenye ile 15,000, kama 11,500 imebaki nchini, na nyingi yake iko hapa hapa Dar. Fundi analipa chumba, anakula kwa mama ntilie, mama ntilie ananunua mchele, mtoto wa fundi ananunuliwa daftari. Hela inazunguka.

Sasa ongeza swali la pili: nani amenunua? Nikimuuzia dada wa Tabata, sawa, nashukuru, ndio ugali wangu. Ila ile hela ilikuwa Dar tangu jana. Asingenunua kwangu angenunua kwa mwenzangu wa Sinza, au angesuka nywele. Imetoka Tabata imekuja Kariakoo, kesho naipeleka Mbagala kwa mwenye nyumba. Jiji zima halijaongezeka hata shilingi, tumepokezana tu. Lakini mama wa Lubumbashi akinitumia hela ya kobazi 30, hiyo ni laki nne na nusu ambayo asubuhi haikuwepo Tanzania na jioni ipo.

Mimi siyo mchumi. Lakini hapo ndo nilipoelewa kwa nini miji mingine inakua na mingine inajaa watu tu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 hapa Dar. Watu tunaongezeka kweli. Lakini tukiwa milioni tano tunauziana raba zile zile, tutakuwa milioni kumi tunauziana raba zile zile, na kila mmoja akipunguza bei ili amshinde mwenzake. Hiyo ndo "biashara ngumu" tunayoiongelea kwenye komenti.

Msiniambie Dar haijui kuuza nje. Jiji hili limekuzwa na watu wa nje na mizigo ya nje. Bandari yetu ndiyo mlango wa Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda na Burundi. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 ili Zambia ipate njia ya kutolea shaba bila kupita kwa makaburu. Kabla yake lilishalazwa bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar mpaka Ndola, 1968. Hata jina Kariakoo lina habari hiyo hiyo ya kubeba, limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na mimi nilitandika turubai Mtaa wa Kongo miaka mitatu bila hata siku moja kujiuliza Kongo yenyewe wanavaa kiatu namba ngapi.

Tatizo ni kwamba mzigo mwingi unatupita. Shaba inashuka kutoka Kongo na Zambia, inaingia melini. Magari na mafuta yanapanda kwenda huko. Sisi tunabaki na hela ya kupakia, kuhifadhi na kusafirisha. Siidharau, maelfu ya watu wanakula hapo, mjomba wangu mmoja ni dereva wa semi na amejenga kwa kazi hiyo. Lakini njia ya mzigo inahama. Angola wanafufua reli ya Lobito, Marekani na Ulaya wanaitia pesa, na kazi yake ni kupeleka madini ya Kongo na Zambia bahari ya upande wa pili. Mzigo unaokupita leo unaweza kupita kwa mwingine kesho, na huna la kumwambia mwenye mzigo.

Kariakoo nayo ni hivyo hivyo. Tunajisifu kwamba Wakongo, Wazambia, Wamalawi na Wakomoro wanakuja kufunga mzigo hapa. Ni kweli wanakuja, na wakija siku ya mzigo mawinga wote wanawakimbilia. Ila angalia wanabeba nini. Wanabeba mashuka ya China, vyombo vya China, nguo za China. Sasa niulize swali la kukera: mfanyabiashara wa Lusaka akishapata namba ya WeChat ya yule yule Mchina wa Guangzhou anayemuuzia bosi wako, atakuja Kariakoo kufanya nini? Wapo walioshaacha kuja. Nina wateja wawili wa namna hiyo, walianza kwa kunisalimia kila wiki, wakaishia kunitumia picha wakiwa Guangzhou. Mmoja aliniuliza kama nahitaji mzigo, ananiuzia yeye.

Ndugu zangu, hapo ndo hatari ilipo. Ukiuza kitu ambacho mteja anaweza kukifuata mwenyewe kilipotoka, wewe ni kituo cha kupumzikia tu. Ukiuza kitu ambacho kinashonwa Vingunguti, lazima aje Dar, au atume hela Dar.

Kuna watakaosema dada unaota, China ni China, hatuwezi kushindana. Sawa, tuiongelee hiyo hiyo China, maana tunakwenda kule kununua tu bila kuuliza walianzaje.

Mnaujua Yiwu. Wengi mmeona video za lile soko, vibanda 75,000 na zaidi, ukikaa dakika tatu kila kibanda huwezi kulimaliza hata mwaka. Yiwu haina bahari. Mizigo yao wanaitoa kupitia bandari ya Ningbo. Haikuwa na madini ya maana wala ardhi nzuri. Kwa miaka mingi watu wake walikuwa wachuuzi wa kutembea vijijini, wanabeba sukari guru, wanabadilishana na manyoya ya kuku ambayo yalitumika kama mbolea na kutengenezea vitu vidogo vidogo. Machinga kabisa, na wakifukuzwa kabisa. Mwaka 1982 mchuuzi mmoja mwanamke, Feng Aiqian, alichoka kufukuzwa, akamvizia kiongozi mkuu wa chama wa wilaya, Xie Gaohua, akamfuata mpaka ofisini kumwambia kwamba hawezi kulisha familia bila kuuza barabarani. Yule kiongozi alimsikiliza. Septemba mwaka huo huo wakafungua rasmi soko la kwanza la vitu vidogo vidogo, na wachuuzi wakaruhusiwa kufanya biashara.

Nilipoisoma hiyo habari nililia kidogo, siwafichi. Nilikumbuka turubai langu.

Kilichofuata ndo somo lenyewe. Wachuuzi walianza kwa kuuza vitu vya watu wengine, kama sisi. Soko lilipopata wateja kutoka mbali, waliokuwa wanauza wakaanza kutengeneza. Anayeuza vifungo akafungua kiwanda cha vifungo, anayeuza soksi akafunga mashine za soksi, viwanda vikajipanga kuzunguka soko. Soko lilitangulia, kiwanda kikafuata. Halafu China ikawawekea utaratibu wa forodha kwa ajili ya mzigo wa kuchanganya, kwamba mnunuzi anaweza kukusanya vitu kwa wauzaji wengi wadogo akavitoa nje kwa njia rahisi. Mwaka 2014 treni ya kwanza ya mizigo iliondoka Yiwu kwenda Madrid, Hispania. Kile kimji cha wachuuzi sensa ya 2020 ilikikuta na watu karibu milioni 1.9, na wengi walihamia kufuata kazi.

Sisemi Dar iwe Yiwu. Kule nako kuna feki nyingi na tunazijua, tumeuziwa. Ninachosema ni kwamba mji ule haukusubiri tajiri mmoja mwenye kiwanda kikubwa. Ulikuzwa na watu wa saizi yetu waliopata mteja wa mbali, wakagundua kwamba mteja wa mbali anataka zaidi ya maneno matamu.

Na hapo nije kwenye aibu yangu. Nimeahirisha kuisema kwa miezi mingi.

Huyu mama wa Lubumbashi alinipata kupitia status ya dada mmoja wa Tunduma. Ananiita mudogo, mimi namwita Yaya, kwao ndo dada mkubwa. Tunaelewana vizuri kwa Kiswahili, chake kina "bintu" na "batu", changu kina "vitu" na "watu". Hiyo lugha wadau ni mtaji ambao Mchina hana. Alianza na jozi 10, zikaisha. Akachukua 24, zikaisha. Akaja na oda ya jozi 120. Milioni moja na laki nane! Nilipiga goti chini kushukuru.

Mafundi wangu wakaniambia ukweli, kwa siku zilizobaki wanaweza 80. Ilikuwa msimu wa mvua, mmoja anashonea uani kwenye nyumba ya kupanga, mvua ikinyesha anasimama. Nilipaswa kumpigia Yaya nimwambie 80 sasa, 40 baadaye. Sikufanya hivyo. Niliogopa oda itakwenda kwa mwingine. Nikashuka ghorofa ya chini, kuna muuzaji ana sendo za ngozi bandia zenye shanga za kubandika, kwa mbali zinafanana na zangu. Nikachukua 40 kwa 9,000, nikazichanganya katikati ya mzigo. Kwenye hizo nilipata faida ya 6,000 kila jozi. Nikajiona mjanja, nikamwambia na mwenzangu wa fremu.

Baada ya wiki tatu ikaja voisi. Alikuwa mpole tu, afadhali angefoka. "Mudogo, biatu bingine njo bilikatika. Batu banarudisha. Banasema bintu bya Dar habina nguvu."

Niliisikiliza mara nyingi sana. Hakusema vitu vyako. Alisema vitu vya Dar. Kwenye soko lake mimi sina jina, fremu yangu hawaijui, page yangu hawaijui. Kilichokatika pale ni jina la jiji zima. Fundi anayeshona vizuri Temeke, dada anayebatiki vizuri Mbezi, wote nimewachafulia kwa jozi 40.

Nikamwandikia kila kitu, kwamba 40 siyo za mafundi wangu. Nikaahidi kuzirudishia. Zilinigharimu 460,000 za kutengenezea pamoja na nauli ya mzigo, na nilizituma kwa mafungu mawili kwa sababu hela sikuwa nayo. Alipokea. Bado ananunua. Ila kulikuwa na wauzaji wenzake wanne pale sokoni aliotaka kuniunganisha nao, hao hawakuja tena. Na Yaya mwenyewe toka siku hiyo hajawahi kuagiza zaidi ya jozi 30 kwa mara moja. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeniblock.

Kwa hiyo ninaposema jiji linakua kwa kuuza nje, sisemi kwa kusoma tu. Najua na jinsi linavyodumaa.

Baada ya hapo nilibadilisha vitu, nawapa kama vilivyo, atakayefaidika afaidike.

Cha kwanza, sikubali oda kubwa kuliko mikono ya mafundi. Mteja anaambiwa idadi na tarehe, nusu malipo kabla. Malipo napokea kupitia mtu wake aliyeko Kariakoo, kwa shilingi, nikamwandikia na risiti. Kila jozi ina karatasi ndogo ndani yenye namba ya kiatu, tarehe na alama ya fundi aliyeshona. Siku ya kwanza mafundi walinicheka. Sasa wenyewe wanagombana nani kashona zile zilizorudiwa oda.

Ngozi na unyevu haviendi pamoja. Zamani nilifunga kila jozi kwenye nailoni na kubana na selotepu, mzigo ukikaa njiani siku nyingi unafika na ukungu na harufu. Sasa naanika kivulini siku mbili, nafunga kwa karatasi, naweka kwenye boksi, nailoni inakaa nje ya boksi tu. Kitu kidogo sana, ila kimeniokoa.

Saizi. Wao wanaongea namba za Ulaya, 37, 38, 39, na fundi wangu alikuwa anakata kwa kalibu ya kuchora kwa mkono. Tulinunua kalibu za mbao. Namba 38 ya leo iwe 38 ya mwezi ujao, mteja wa mbali hawezi kuja kujaribisha.

Halafu makaratasi. Hapa ndo wengi mnakimbia, na mimi nilikimbia. Mzigo unaovuka Tunduma uwe na risiti na orodha inayofanana na kilichomo ndani. Jozi 30 ziandikwe 30, siyo "viatu mchanganyiko". Kitu kilichotengenezwa hapa kinaweza kupata cheti cha uasili, TCCIA wanatoa vyeti hivyo, na kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna cheti kilichorahisishwa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazokubalika. Dola 2,000, hiyo ni saizi yetu sisi wa humu! Uliza pale mpakani unapopitisha kabla hujafunga mzigo, kwa sababu njia ya Rwanda siyo sawa na njia ya Zambia, Zambia hayumo kwenye Jumuiya, yeye tuko naye SADC. Na usithubutu kuchanganya raba ya China kwenye mzigo wenye cheti kinachosema umetengenezwa Tanzania. Mimi wakati ule sikuwa na cheti, ndo maana niliishia kwenye aibu tu. Ningekuwa nacho ingekuwa kesi.

Wengi mtaniuliza, mtu mdogo anajazaje kontena? Hajazi. Mzigo wangu unakwenda kwenye basi au kwa mtu anayekusanya mizigo midogo kwenye lori. Tulipoungana wauzaji watano, mimi kobazi, mwingine batiki, mwingine vikapu, mwingine mabegi ya kitenge, mwingine sabuni za kutengeneza mwenyewe, nauli ya kila mmoja ilishuka na yule wa lori akaanza kutuheshimu. Zamani nilikuwa nikimpigia hapokei.

Sasa kuna hili la wageni. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, humu tulishangilia mpaka page ikajaa vigelegele. Mimi sipingi. Biashara ya kuuza vocha na kusuka nywele tuachiwe. Lakini niambieni, toka siku ile mmepata mteja mpya mangapi kutoka nje ya Dar? Kumwondoa mtu mezani kunakuongezea nafasi ya kukaa, chakula ni kile kile. Na pale Ubungo ilipokuwa stendi ya mikoani kumejengwa lile soko kubwa la Wachina, limekusudiwa kuuza kwa jumla kwa nchi zote zinazotuzunguka. Wenzetu wameona tulipo kwenye ramani. Sisi tunaona fremu.

Ndiyo, fremu. Hapa nitawakera na wenye majengo. Kila nyumba ya zamani Kariakoo inayobomolewa inapandishwa ghorofa, na kila ghorofa ni fremu juu ya fremu, pango la miezi sita au mwaka unalipa mbele. Hakuna anayejenga ghorofa moja ya karakana, yenye umeme wa mashine na mahali pa kuanika. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, wazo lilikuwa zuri tangu wakati huo. Lakini fundi wangu anayetengeneza kitu kinachouzwa nchi nyingine anashonea uani chini ya turubai, na mimi ninayeuza raba ya China nina vigae na taa nyeupe. Jiji limeweka heshima upande wa kuuza, upande wa kutengeneza limewaachia mvua. Manispaa wakitaka kujua wapi pa kuanzia, waje waone mahali jozi zangu 40 zilipopungukia. Zilipungua kwa sababu ya paa.

Mnisielewe vibaya, raba za China bado nauza. Juzi nimechukua katoni mbili. Zinalipa pango wakati kobazi zinajijenga, na sitaki mtu humu aache kinachomlisha leo eti kwa sababu dada wa kobazi kasema. Ninachofanya ni kwamba kila mwezi naandika kwenye daftari safu mbili, hela iliyotoka ndani ya Dar na hela iliyotoka nje. Mwaka jana mwezi kama huu safu ya pili ilikuwa na wateja wawili. Sasa wako watano: Lubumbashi, Nakonde, Bujumbura, na dada wawili Watanzania wanaoishi Muscat ambao wanachukua jozi sita sita kupitia watu wanaosafiri. Bado ni kidogo ukilinganisha na safu ya kwanza. Ila safu ya kwanza imesimama pale pale toka mwaka jana, naposti mara tatu kwa siku, na bado imesimama.

Nimeandika mengi, na saa hizi mtu wa lori kashanipigia mara mbili. Mzigo wa Lubumbashi unaondoka leo jioni, jozi 30, za kwake zote zimetiwa alama. Jana usiku Yaya alituma voisi, ameuliza kama mafundi wanaweza kushona za watoto. Sijamjibu bado, ngoja kwanza nikamuulize fundi. Mwenye kujua wapi wanauza kalibu za mbao za viatu vya watoto, aache komenti hapo chini, siyo DM, wote tuone.